Komeo la Ndani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama kuna anayekoroga chai hapo nyumbani, akoroge polepole ili tusikilizane.

Leo tunamkumbuka mtafiti wa afya aliyezikwa wiki iliyopita. Wengi walimwita Mama Komeo. Naomba radhi mapema. Kipindi hiki mmezoea kukisikia kwa sauti laini, ile sauti ya msibani. Leo sauti hiyo sinayo. Nimeitafuta tangu asubuhi, nikakuta hasira imekaa mahali pake na haina mpango wa kuondoka. Basi nitasema hivyohivyo.

Mama Komeo alikuwa mtakwimu wa idara ya afya. Kazi yake ilikuwa kuhesabu watu. Nani kaugua, nani kapona, nani kazaliwa, muuguzi gani yuko kazini na yupi ameondoka. Nasema tena ili tuelewane: kazi yake ilikuwa kuhesabu watu, ili wenye madaraka wajue dawa ziende wapi na wauguzi waende wapi. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, ukuta mmoja na stoo ya matairi. Ndani mna feni inayolalamika kuliko wafanyakazi, na kiti cha mgeni ambacho mkono wake mmoja unabaki mikononi mwako ukiuegemea vibaya.

Alikuwa mrefu, sauti nene, na hakuwa na simile. Mdogo wake ni fundi cherehani. Nilimtembelea juzi, akanisimulia huku anafumua pindo la suruali ya mteja. Aliniambia hivi: "Dada yangu alikuwa mgumu. Ukimwambia watu wengi wanasema, anakuuliza ni wangapi, na wewe ulimsikia nani. Ndiyo maana kwenye umbea hatukumwita. Alikuwa anatuharibia."

Mdogo wake alicheka aliposema hayo. Halafu akaacha kufumua, akaitazama ile suruali kama hajui ni ya nani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mambo yanapoanzia. Idara ilikuwa na mpango wake mkubwa. Mpango wa kufundisha wauguzi wakunga na kuwapeleka zahanati za mbali, huko ambako mama mjamzito akishikwa na uchungu hana pengine pa kukimbilia. Mpango mzuri. Kila mwaka kulikuwa na mahafali, vyeti, kamera, na viongozi waliovaa suti nzito juani. Vijana wanapanda magari, wanakwenda vituoni. Baada ya miezi michache wanarudi mmojammoja, kimya, na mabegi yao. Zahanati zinafungwa. Mwaka unaofuata idara inafundisha wengine, wanakwenda, wanarudi. Ilikuwa kazi ya kujaza maji kwenye pakacha.

Mama Komeo akaambiwa atafute sababu. Akatuma dodoso kwa walioacha kazi. Dodoso lilikuwa na orodha ya sababu, unaweka alama kwenye moja. Karibu wote waliweka alama kwenye mstari wa mwisho kabisa: sababu binafsi. Naye akaamini. Akachora michoro yake ya rangi, akaandika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi, wanahitaji kujengwa kiuvumilivu. Mkurugenzi aliipenda ripoti hiyo mno. Ikazaliwa semina ya uvumilivu kazini. Fulana zikachapishwa. Wauguzi wakakalishwa ukumbini siku nzima wakifundishwa kuvumilia, na waliofundisha wote wanalala mjini kwenye nyumba zenye nondo madirishani.

Hilo lilikuwa kosa lake, na mwenyewe alilitaja kila aliposhika kipaza sauti. Wakuu wake walimwomba apunguze kulitaja. Hakupunguza.

Aliyemtoa tongotongo ni binti wa mdogo wake. Binti huyu naye alikuwa muuguzi mkunga, zao la mpango uleule. Alipelekwa kituoni, akakaa miezi michache, akarudi kwa mama yake kupiga pasi nguo za wateja. Nyumba nzima ilimwona mvivu. Mama mkubwa wake, yaani Mama Komeo, ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Jumapili moja alikwenda kula kwa mdogo wake, akamkuta binti ameshika pasi, uzalendo ukamshinda. Akaanza. Umesomeshwa kwa jasho la watu. Umekimbia kazi kama mbuzi aliyeona mvua. Wenzako wanatamani nafasi yako.

Binti akasimamisha pasi.

"Mama mkubwa," akasema, "umenigombeza toka nirudi. Hujawahi kuniuliza nilikuwa nalala vipi."

Mama Komeo akasema swali gani hilo, mtu analala kitandani.

"Njoo nikuonyeshe."

Akamshika mkono mama mkubwa wake, akamwingiza chumbani, akarudisha mlango. Akasukuma kitanda mpaka kikagota mlangoni. Akapanga juu yake sanduku na ndoo ya maji. Akachukua mkanda, akafunga mpini wa mlango na mguu wa kitanda. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kitanda, miguu ameikaza ukutani. Mama yake huko nje akasikia vishindo, akauliza kama wanahamisha nyumba.

"Hivi," binti akasema. "Wanakuja wanaume wanagonga. Wengine wagonjwa kweli. Wengine walevi. Wengine wanajua tu kwamba nipo peke yangu. Asubuhi naamka kupima watu shinikizo la damu, na langu liko juu ya dari."

Mama Komeo akamuuliza kwa nini hakufunga mlango na komeo. Na jibu alilopewa, wasikilizaji wapendwa, nataka mlisikie vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe nilipolisikia niliomba lirudiwe. Nyumba za wauguzi zilijengwa na pete ya kufuli kwa nje. Kwa nje tu. Ndani hakuna kitu. Muuguzi akisafiri, anatia kufuli, mali iko salama: godoro, meza, ndoo. Muuguzi akiwa ndani, mlango unasukumwa kwa kidole. Aliyechora nyumba zile alifikiria jinsi ya kulinda godoro. Anayelala juu ya godoro hakumfikiria. Na nyumba hizo zilikaguliwa, zikapokelewa, zikapigwa picha, na wanaume wenye akili timamu wakatia saini kwamba zimekamilika.

Siku hiyo Mama Komeo hakula chakula cha mchana. Mdogo wake anasema alikaa kibarazani, mkoba mapajani, akirudia neno moja: binafsi. Binafsi. Eti binafsi.

Kesho yake akalitupa dodoso. Akaanza kuwatafuta walioacha kazi, mmoja baada ya mwingine. Mmoja alimkuta anauza vocha za simu. Mwingine yuko mapokezi kwenye gereji. Mwingine anasuka nywele saluni. Watu waliosomea kuokoa maisha, wasikilizaji wapendwa, wanauza vocha. Hakuwauliza kwa nini waliondoka, kwa sababu ukimuuliza mtu hivyo unamwambia ajitetee. Aliwauliza swali la yule binti wa mdogo wake: ulikuwa unalala vipi? Na akiambiwa "vizuri tu", alikuwa anasema, nionyeshe.

Wakawa wanamwonyesha. Yule wa saluni alionyesha kwa kupanga viti vya wateja mlangoni, na wateja wenyewe vichwa nusu vimesukwa wakimtazama. Yule wa gereji alisema yeye alilala na panga. Mwingine alikuwa analala juu ya kitanda cha kujifungulia wazazi, kwa sababu chumba hicho angalau kina mlango mzito. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama Komeo, na urefu wake ule, aliinama.

Akarudi kwa mkurugenzi na habari zake. Mkurugenzi alimsikiliza, akamwambia hizo ni hadithi za wanawake, alete takwimu. Mtu mwingine angenuna. Yeye alisema sawa, ni haki yako kudai, nitakuletea. Alikuwa anaamini hivyo hasa. Aliamini kwamba ukimwekea mtu mzima ushahidi mezani, atafanya jambo la utu uzima. Mdogo wake anasema huo ndio ulikuwa ujinga pekee aliokuwa nao dada yake.

Mpango wa utafiti ulikuwa hivi. Nusu ya vituo vipewe komeo la ndani, taa ya mlangoni, na ushauri kwamba wauguzi wakae wawili nyumba moja. Nusu nyingine waendelee kama kawaida na semina zao. Baada ya mwaka mmoja watazamwe: wapi wauguzi wamebaki, wapi akina mama wanajifungulia kituoni. Na ili asije mtu akasema amependelea, vituo vikapigiwa kura. Wauguzi wote wakaitwa ukumbini. Mezani kukawekwa sufuria kubwa. Ndani yake karatasi zilizokunjwa, nyingine zimechorwa komeo, nyingine tupu. Binti wa mdogo wake alikuwa amekubali kurudi kazini, naye alikuwa kwenye foleni. Mama mkubwa wake akamweka awe wa mwisho, achukue itakayobaki chini ya sufuria. Ilibaki yenye komeo.

Palikuwa na mkunga mmoja mtu mzima, mcheshi, wanawake wenzake walimpenda. Huyu alichota karatasi tupu. Akaiinua juu ukumbi mzima uione. "Haya," akasema, "mimi na kitanda changu tunaendelea na ndoa yetu." Watu wakaangua kicheko. Mama Komeo naye akacheka.

Kisha akasimama, akasema maneno ambayo waliokuwepo wote wanayakumbuka: "Waliochota tupu, nawaomba mwaka mmoja. Tukiona linafaa, karatasi zenu zote zinageuka makomeo. Nawaahidi mbele ya bosi wangu."

Na bosi wake akaitikia kwa kichwa. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, na ukumbi mzima ulimwona.

Mwaka ukaisha. Matokeo yakaja. Yalikuwa mazuri hata Mama Komeo mwenyewe akayahesabu upya mara mbili, akidhani amekosea. Kwenye makomeo, wauguzi walibaki karibu wote. Zahanati zilifunguliwa mchana na usiku. Akina mama waliacha kujifungulia njiani. Kwenye karatasi tupu, zaidi ya nusu ya wauguzi waliondoka, na fulana zao za uvumilivu. Hapo tena unataka takwimu gani? Kipande cha chuma na skrubu chache. Fundi wa mtaani anakifunga kabla chai yake haijapoa.

Akayapeleka mezani kwa mkurugenzi. Kikao kilikuwa na maofisa wengi na maji ya chupa. Mkurugenzi akamsifu. Akasema utafiti ni mzuri, wa kisayansi, unaitia heshima idara. Kisha akasema tatizo ni moja: jambo hili ni dogo mno. Wafadhili hawawezi kuja kwa ajili ya komeo. Mgeni rasmi atakata utepe mbele ya nini? Akasema idara imeamua kununua vishikwambi, kila muuguzi apate chake, atume taarifa kwa njia ya kisasa. Ofisa mmoja akamtania, akamwambia usijali, Mama Komeo, taarifa zako zitakuja haraka zaidi. Wakacheka. Jina likaanzia hapo. Walimpa kwa kejeli, naye akalichukua. Kuanzia siku hiyo alipokea simu kwa kusema, "Mama Komeo hapa, sema."

Vishikwambi vikanunuliwa. Vikazinduliwa. Sasa walevi walipogonga mlango, muuguzi alikuwa na kitu cha kisasa cha kuweka juu ya ndoo.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wasikilizaji wapendwa. Na mwenye komeo hamjui asiye nalo.

Mama Komeo aliendelea kukumbusha. Aliandika, alipiga simu, alisimama mlangoni kwa mkurugenzi mpaka katibu muhtasi akawa anamwonea huruma. Aliambiwa bajeti. Aliambiwa mwakani. Mwaka wa pili ukapita nusu yake.

Kisha likatokea. Mwanaume mmoja alisukuma mlango wa yule mkunga mcheshi, yule wa karatasi tupu. Kitanda kiliteleza. Sitaeleza zaidi ya pale mwenyewe aliponiruhusu. Alivunjwa mkono wa kulia, na alinusurika kwa sababu alipiga kelele na majirani wakafika. Mkono ule haukunyooka tena. Akaacha kazi, na nani angemlaumu. Zahanati ikafungwa kwa kufuli kwa nje. Kufuli lilifanya kazi yake vizuri sana. Siku chache baadaye akaja mama mjamzito, uchungu umeshamfika, akakuta kufuli. Akajifungulia kwenye kibaraza cha zahanati, juu ya kanga ya wifi yake. Mtoto hakulia.

Taarifa zikaja ofisini kwa Mama Komeo, kwa njia ya kisasa, haraka kama walivyoahidi. Mkunga ameandikwa: ameacha kazi kwa sababu binafsi. Mama mzazi ameandikwa: alichelewa kufika kituoni.

Alichelewa. Mwanamke aliyefika mpaka mlangoni, akaugonga mlango wa serikali kwa mikono yake miwili, ameandikwa alichelewa. Kuna mtu aliketi mahali penye kivuli akaandika hivyo, akala chakula chake, akalala, na nyumbani kwake kuna komeo.

Takwimu zikiwa safi zinaokoa watu. Zikichafuliwa zinawaua mara ya pili, na safari hii zinawapa na lawama. Hayo si maneno yangu. Ni ya Mama Komeo, alimwambia mkurugenzi usoni siku aliyokataa kuzitia saini taarifa zile. Mkurugenzi akamwambia ana jazba. Akamjibu kwamba ndiyo, anayo, na anashangaa yeye ameiweka wapi ya kwake. Baada ya wiki mbili akahamishwa kitengo. Akapewa kazi ya takwimu za magari na matairi. Hakulazimika hata kubadili chumba, stoo ilikuwa palepale ukutani.

Binti anasema kilichomla mama mkubwa wake hakikuwa uhamisho. Kilichomla ni kicheko. Alicheka siku ile ya sufuria, mkunga alipotania kuhusu kitanda chake. Alikuwa anasema, mimi ndiye niliyeikunja ile karatasi tupu, nikamwambia anisubiri, na akanisubiri.

Basi alifanya nini? Alikwenda dukani, akanunua makomeo kwa mshahara wake. Akanunua bisibisi na kopo la skrubu. Kila Jumamosi akawa anapanda basi, na begi lake la kitenge, kwenda kituo kimojawapo cha karatasi tupu. Anafika, anasalimia, anavua viatu, anafunga komeo. Mwanzoni alifunga vibaya. Komeo la kwanza alilifunga kichwa chini miguu juu, muuguzi akaogopa kumwambia, akawa anafunga mlango kwa kusukuma juu. Mdogo wake alimtania kwamba kasoma miaka yote ile kuja kuwa fundi seremala wa Jumamosi. Akamjibu, "Deni la neno halilipwi kwa neno."

Mkurugenzi akapata habari. Akamwita, akamwambia ni kosa kufanyia marekebisho majengo ya serikali bila kibali. Mama Komeo akamuuliza, "Nikayang'oe?" Mkurugenzi akafungua faili lililokuwa mbele yake, akaanza kulisoma. Mama Komeo akasubiri kidogo, akatoka.

Alianguka Ijumaa, kwenye korido ya ofisini, karibu na mlango wa stoo ya matairi. Begi la kesho lilikuwa tayari chini ya meza yake. Daktari alisema ni shinikizo la damu. Mdogo wake anasema ni hasira. Mimi si daktari, sitabishana na yeyote kati yao. Alikuwa amebakiza vituo vichache tu.

Kwenye mazishi, Ijumaa iliyofuata, mkurugenzi alifika na msafara. Akapewa nafasi ya kuzungumza. Akasema marehemu alikuwa mzalendo, mtulivu na mvumilivu. Mtulivu. Waliomjua walitazamana. Akasema utafiti wake umeacha alama isiyofutika. Kisha akatangaza kwamba idara, kwa heshima yake, itaanzisha semina ya kila mwaka yenye jina lake. Wageni wa mbele wakapiga makofi.

Binti akasimama. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya kazi, kwa sababu mama mkubwa wake alipenda kumwona nayo. Akaenda mbele na lile begi la kitenge. Hakupaza sauti. Waliokuwa nyuma wanasema walilazimika kusogea ili wamsikie.

"Mkurugenzi, pokea," akasema. "Haya ni makomeo ya vituo vilivyobaki. Skrubu ziko kwenye kopo. Bisibisi hii ilikuwa yake. Semina hatuihitaji. Jumamosi ni kesho."

Akamwekea bisibisi mkononi. Mkurugenzi akaishika. Watu waliokuwepo wanasema aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, hajui amweke upande gani. Akasema asante, tutalifanyia kazi. Akampa dereva wake ashike. Na msafara ulipoondoka, wasikilizaji wapendwa, begi lilikutwa kwenye kiti, bisibisi juu yake.

Begi alilichukua yule mkunga, wa mkono usionyooka. Alikuwa amekaa nyuma na wenzake. Akalitundika kwenye bega zima, akamwambia binti, "Kesho tunaanzia kwangu."

Jumamosi walikwenda. Wauguzi waliochota makomeo waliwafuata vituoni kwao wenzao waliochota tupu. Kwenye kituo cha mkunga yule, kilichofunguliwa tena hivi karibuni tu, sasa yupo msichana mgeni kazini, hata mwaka hajamaliza. Mkunga alitaka kufunga komeo mwenyewe. Alizungusha bisibisi kwa mkono wa kushoto, binti akimpa skrubu moja moja, na hakuna aliyemharakisha. Walipomaliza, akamwambia yule msichana aingie ndani afunge. Msichana akaingia. Komeo likalia. Mkunga akarudi nyuma hatua chache, akauendea mlango kwa bega lake zima kwa nguvu zake zote. Mlango haukutikisika. Akaupiga tena, na tena, huku analia, mpaka binti akamkumbatia.

Msipige makofi. Najua mnataka kufurahi, hata mimi nilitaka. Lakini jiulizeni kwa nini kazi hiyo ilifanywa na mwanamke aliyevunjwa mkono, wakati kuna idara nzima yenye magari, mafundi na matairi mapya stoo. Ushahidi ulikuwepo. Ulikuwa mezani kwao, wameusifu, wakaunywea maji ya chupa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyofundishwa tangu utotoni. Hawa ufa walionyeshwa kwa kidole, wakapitisha bajeti ya fulana.

Kwa familia ya marehemu, kwa mdogo wake fundi cherehani, kwa binti aliye zamu usiku huu na redio yake ndogo, poleni sana. Kwa mama aliyejifungulia kibarazani, pole, mama. Hukuchelewa. Tunalisema hapa hadharani kwa sababu kule lilikoandikwa bado halijafutwa: hukuchelewa. Mungu awatie nguvu nyote, na ampumzishe Mama Komeo mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, leo ukienda kulala utafunga mlango wako. Sikiliza mlio wa komeo lako. Kesho nenda kwenye zahanati iliyo jirani nawe. Usiulize dawa kwanza. Mtafute muuguzi, msalimie, muulize analala vipi. Na akikujibu "vizuri tu", mwambie akuonyeshe.